Nilitunga Baleti ya Msiba, Mji Mzima Ukaangua Kicheko

Mpendwa Shangazi Gesche,

Naomba unisaidie, na kabla hujasema lolote naomba barua hii uisome mpaka mwisho bila kucheka, maana nimechoshwa na watu wanaocheka, katika mji huu wetu wa bandari siku hizi ukipiga chafya mtu anacheka, ukianguka na baiskeli mtu anacheka, na mimi nilipowaletea jambo la kulia walicheka mpaka wengine wakashikilia viti vya mbele wasianguke. Naitwa Heilwig, ni mtunzi wa baleti katika jumba la maigizo la hapa mjini, na jina langu lichapishe tu, kwani nani asiyenijua sasa. Kabla ya kutunga nilicheza mwenyewe mpaka magoti yakagoma, kwa hiyo siyo kwamba kazi hii niliiokota barabarani.

Mama yetu, Alwine, aliyekuwa na duka la vifungo na nyuzi nyuma ya kanisa, alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi tukakusanyika kwenye ukumbi wa mgahawa kunywa kahawa na kula keki ya siagi kama wafanyavyo watu wote wenye heshima zao, na kaka yake mama, Mjomba Hinnerk, mzee aliyeendesha winchi bandarini maisha yake yote, akamnyang'anya mhudumu birika na kuanza kuwamiminia watu yeye mwenyewe, macho mekundu, hasemi na mtu. Alipomfikia mchungaji, mchungaji ndiyo kwanza ameanza sala. Mjomba akamimina, kikombe kikajaa, akaendelea kumimina, kisahani kikajaa, akaendelea, kahawa ikatambaa juu ya kitambaa cheupe cha meza na kumwagikia mchungaji mapajani, na mchungaji kwa adabu yake hakuikatiza sala, aliyafumba macho kwa nguvu na kuendelea kumwombea marehemu huku goti lake moja likipanda taratibu, likipanda, kama daraja la bandarini linapopisha meli. Hakuna aliyecheka, Shangazi. Watu tulikuwa na haya wakati huo. Mjomba akaliweka birika chini, akakaa, akalia kama mtoto, na mdogo wangu Antje niliyekaa naye akauma kitambaa cha mkono kwa uchungu. Mimi nikasema moyoni, hii ndiyo huzuni yenyewe, huzuni iliyofurika chombo chake, na siku moja nitaitunga.

Nikaitunga. Meza ndefu, viti, birika, muziki, hakuna neno hata moja. Kahawa niliifanya utepe wa hariri wa rangi ya udongo unaotoka kwenye mdomo wa birika na kuendelea kutoka, hauishi, na mpaka leo nasema ni wazo zuri. Nafasi ya mjomba nikampa Tjark, kijana wa visiwani, miguu mirefu kama korongo, mcheza baleti mzuri tu ila ana ile sura ya mtu anayeshangaa kwamba amezaliwa. Kwenye mazoezi aliniuliza, "Bi Heilwig, huyu mzee anajua kwamba anamwaga?"

"Hajui chochote. Amezama kwenye huzuni."

"Na je, kama anajua?"

"Wewe kazi yako kucheza, Tjark. Kujua niachie mimi."

Siku ya onyesho la kwanza ukumbi ulijaa. Antje alikuja, akamleta na Mjomba Hinnerk na suti yake ya mazishi. Nilisimama nyuma kabisa karibu na mlango. Ikafika sala. Tjark akaja kwa mguu mmoja, mwingine ameunyoosha nyuma mpaka usawa wa kichwa, birika mkononi halitikisiki, akainama kwa heshima zote, akamimina, utepe ukashuka, ukajaa, ukamfunika mchungaji mapaja, na goti la mchungaji likaanza safari yake. Nikasikia "Kha!" Sauti moja tu. Kicheko hicho nakijua, nimelala nacho chumba kimoja utoto wangu wote, kilikuwa cha Antje. Halafu roshani ikapasuka kwa kicheko. Halafu chini. Halafu watu wazima, walipa kodi, wake wa madaktari, wanapiga mapaja. Na Tjark, badala ya kuona aibu, alilitazama birika kama vile limemtukana, akafikiri kidogo, kisha akaendelea kumimina kwa heshima kubwa zaidi, na hapo ndipo niliposikia mtu akiomba maji.

Mwisho wa baleti mjomba anabaki peke yake na kiti kitupu cha marehemu, anakimiminia kahawa. Hapo walinyamaza, nadhani walikuwa wamechoka, nikasikia wanapenga makamasi kila kona.

Wakanipa maua. Bwana Lüders, mkurugenzi wa jumba, alinikumbatia mbele za watu akasema, "Heilwig, miaka yote hii ulikuwa unatuficha?" Gazeti likaandika kwamba mji huu haujawahi kucheka hivyo kwenye baleti. Redioni wakaniuliza, je, ulikusudia kuchekesha? Na mimi, Shangazi, sijui nini kilinipata, nikasema, "Bila shaka. Kuchekesha ni kazi nzito." Nikaenda nyumbani nikajitazama kwenye kioo nikajitemea.

Lakini Antje nilikuwa nimeshamalizana naye siku ile ile, pale wanapochukulia makoti.

"Umeniua," nikamwambia. "Msiba wa mama unakuchekesha?"

"Dada, goti lilipopanda siku ile ya mazishi, mimi nilikuwa nimekaa pale. Nusura nife."

"Ulikuwa unalia! Nilikuona, uliuma kitambaa!"

"Nilikuwa naziba mdomo! Dada, jamani, mama angekuwepo angejikojolea. Mtu aliyekuwa akimwiga mchungaji jikoni mpaka maziwa yakafurika."

"Usimtaje mama kwa mdomo huo."

"Mdomo huu ndio wake. Wewe ulichukua pua tu."

Tangu hapo hatusemeshani. Na Mjomba Hinnerk aliondoka bila kunisalimu. Nilimwona kwenye kiti chake, leso usoni, mabega yanamtetemeka, nikajua nimemwanika mzee wa watu mbele ya mji, wamemcheka huzuni yake akiwa ameketi katikati yao.

Kwa hiyo nikairekebisha. Goti nikalifuta. Tjark nikamwamuru amimine mara moja, kichwa chini, utepe mfupi, muziki wa taratibu. Onyesho lililofuata hakucheka mtu. Hakupenga kamasi mtu pia. Walikaa kama wanasubiri kung'olewa meno, na wakati wa mapumziko nikasikia mama mmoja akimuuliza mlinda mlango, "Samahani, hii ndiyo ile ya kuchekesha, au tumekosea siku?" Kipindi cha pili nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Kesho yake Tjark akanisimamisha mazoezini, wenzake wote wapo, bila hata kuomba ruhusa.

"Bi Heilwig, rudisha goti."

"Goti si lako."

"Ila birika ni langu. Mimi simchekeshi mtu pale. Namhudumia mgeni kahawa, basi. Kila nikijitahidi kumhudumia vizuri zaidi ndiyo wanacheka zaidi. Sasa nifanyeje, nihudumie vibaya?"

Nikamwambia ana uso wa sarakasi, aende sarakasini akapakwe pua nyekundu, huku ni kwenye baleti. Akachukua taulo lake akatoka. Bwana Lüders naye amesema mpaka Ijumaa nichague, goti lirudi au baleti iondolewe.

Basi niambie, Shangazi. Nifanyeje kuufundisha mji kwamba msiba hauchekwi? Niiondoe baleti yangu nibaki na heshima? Na kuna ulazima gani wa kuzungumza na mdogo asiyejua tofauti ya kilio na kicheko?

Ni mimi,
Heilwig, niliyegeuziwa msiba kuwa sherehe


SHANGAZI GESCHE ANAJIBU

Heilwig,

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Lile sharti la kutocheka nilifika nalo mpaka kwenye goti, hapo likanishinda.

Pole kwa kufiwa na mama. Pole hiyo ni ya kweli, ipokee, uiweke mahali pazuri, kwa sababu huku chini hutaikuta nyingine.

Kwanza, wewe ni mwongo, na ni mwongo mvivu. Redioni umevaa kilemba cha mtu mwingine, ukarudi nyumbani kujitemea kwenye kioo, kisha aliyefanya kazi yenyewe ukamtukana mbele ya wenzake. Sifa za kuchekesha ulizipokea na maua juu. Lawama za kuchekesha ukamtwisha kijana. Mama mtu mzima! Ungekuwa karibu ningekufinya.

Pili, huu mji unaoudharau. Mimi ni mmoja wa hao walipa kodi waliokuwa wanapiga mapaja. Nilikuwepo siku ya kwanza, nilikata tiketi kwa hela yangu, nikacheka mpaka bwana wa kiti cha jirani nisiyemjua akanipa leso yake. Na ulipofika mwisho, yule kijana alipobaki na kiti kitupu na kukimiminia kahawa kwa heshima ile ile aliyomwagia nayo mchungaji, leso hiyo hiyo niliilowesha kwa kazi nyingine. Unasema walinyamaza kwa uchovu. Uchovu gani unapengisha watu makamasi ukumbi mzima? Ulikuwa na watu mia kadhaa wanaolia mbele yako, kitu ulichokuwa unakililia wewe tangu mwanzo, na hukukiona kwa sababu walipitia mlango ambao hukuwafungulia wewe. Kicheko ndicho kilichotulegeza. Mtu aliyekaza taya hawezi kulia, mwanangu, atauma meno tu na kusubiri basi la kurudi nyumbani.

Nilirudi na mara ya pili, nikampeleka shoga yangu niliyemsifia kutwa nzima. Umenitia aibu. Huzuni yako ulikuwa umeisimamisha mlangoni kama askari, kila anayeingia inamkagua kama amevaa uso unaotakiwa. Sikulia. Nilihesabu taa za darini. Shoga yangu mpaka leo ananiuliza kama nina homa.

Sasa nisikilize, maana hili ungepaswa kunifundisha wewe. Baleti haina maneno. Mwenye maneno akichekesha vibaya hujiokoa kwa neno jingine, lakini mcheza baleti hana pa kujificha, ana mwili tu na muda. Akichelewa kidogo, kicheko kimekufa. Akiwakonyeza watu kwamba ona ninavyochekesha, kimekufa pia, na chenyewe kimeoza. Nimewaona wengi wa namna hiyo kwenye hizi baleti za siku hizi, wanajikwaa makusudi, wanatoa macho, wanapigana vikumbo, na sisi tunacheka kwa huruma ili wasijisikie vibaya. Kijana wako hakufanya hata moja. Alitaka mgeni wake apate kahawa, basi, na alitaka kwa moyo wote. Mtu anayejitahidi kwa moyo wote kufanya jambo linaloharibika mikononi mwake, huyo ndiye sisi sote, na ndiyo maana tunacheka, na ndiyo maana baadaye tunalia. Umekaa na vioo vya mazoezi maisha yako yote na hilo hukuliona? Ulikuwa unamtazama nani humo?

Tatu, na hili ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Umeniandikia kwa kirefu habari za Mjomba Hinnerk, umemchezesha jukwaani, umemlilia, umemsitiri, umemwonea aibu. Mwenyewe hujamuuliza neno hata moja. Mabega yanayotetemeka nyuma ya leso yana maana mbili, Heilwig, na wewe umeshawahi kukosea mara moja kwa kitambaa cha mdogo wako.

Fanya hivi. Goti lirudi, na utepe urudi mrefu kama ulivyokuwa. Tjark umwombe radhi mbele ya wale wale uliomtukana mbele yao, usimwite pembeni, na usianze na "hata wewe ulikosea". Redioni urudi useme hukukusudia, ila ulibahatika kuwa na kijana anayeelewa. Hutakufa, na watakupenda zaidi. Kwa Antje nenda kwa miguu yako, usipige simu, ukale chakula chake na ukubali kwamba mdomo ni wa mama. Halafu upite kwa mjomba wako ukae, uulize, unyamaze.

Ukiona yote hayo yanakupunguzia heshima, basi acha baleti ukatunge hotuba za makaburini. Kule utapata ukimya unaoutaka, na wasikilizaji hawaondoki wakati wa mapumziko.

Gesche


*Heilwig ameniandikia tena. Sikumwomba, ila nachapisha, kwa kuwa wengi mmenisimamisha sokoni mkiulizia habari zake.*

Shangazi,

Maneno yako yalikuwa makali kuliko ulazima, na hilo la kufinywa sijalisahau. Nimefanya ulivyosema, kwa kinyongo. Tjark alinisikiliza mpaka mwisho mbele ya wenzake wote, kisha akasema, "Sawa, Bi Heilwig. Ila lile birika ni zito, bega linaniuma, tutafutie la bati." Hiyo ndiyo shukrani ya vijana wa siku hizi. Antje alinipakulia chakula bila kuongea, kisha akaongea mfululizo mpaka nikakumbuka kwa nini nilihama chumba chetu.

Mjomba nilimkuta jikoni kwake akimenya viazi. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Radhi ya nini?"

"Nilikuanika, mjomba. Watu wamekucheka."

Akaweka kisu chini, akasema, "Hatimaye."

Nikanyamaza kama ulivyoniagiza, na ilikuwa kazi. Ndipo akanieleza. Siku za mwisho mama alimwita hospitali akamwambia, "Hinnerk, nawajua hawa watu wetu. Watakaa pale kama samaki wa chumvi kwenye pipa. Usikubali. Lazima mtu acheke, hata ikibidi amcheke mchungaji." Naye akamwahidi.

"Nikafanya," mjomba akasema. "Nikammwagia mtumishi wa Mungu kahawa, mbele ya wote, goti likapanda, mwenyewe ukaliona. Kitu kizuri sana. Na nyie mkanitazama kwa huruma! Hakuna hata mmoja aliyecheka, mpwa wangu. Nikakaa chini nikalia, si kwa kufiwa tu. Nililia kwa sababu dada yangu aliniachia kazi moja na nimeshindwa. Hiyo nilikuwa naenda nayo kaburini. Halafu juzi Antje ananipeleka kwenye baleti yako, na ukumbi mzima..." Akachukua kiazi kingine.

Nilichukua kisu kingine. Nilimsaidia kumenya.

Jumamosi goti lilirudi. Tulikaa watatu, mjomba katikati na suti yake. Birika lilikuwa la bati. Tjark aliinama, utepe ukashuka, goti likapanda, na ukumbi ukapasuka kuliko siku ya kwanza, Antje akiwa ameniegemea huku ananipiga begani. Atakuambia kwamba nami nilicheka. Nilikohoa. Nilikohoa kwa muda mrefu, machozi yakanitoka, mtu wa nyuma akanigonga mgongo.

Mjomba Hinnerk peke yake hakucheka. Alikuwa anamkagua Tjark tangu vidole mpaka kichwa, kama msimamizi aliyestaafu anayetazama wanaomrithi kazi. Watu walipoanza kutulia akanivuta sikio.

"Kijana anajitahidi," akaninong'oneza. "Lakini kahawa yangu ilikuwa ya moto."